Raba za Gari la Baba

Mwezi uliopita gari langu lilianza kulia, na mimi nikafurahi. Najua hilo linasikika kama neno la mtu aliyepungukiwa na akili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimetoka kazini, nimepita Baba Dogo, naingia Lucky Summer ninakoishi, pale ambapo lami inaisha na mashimo yanaanza bila hata kubisha hodi. Mlango wa nyuma wa kushoto ukatoa sauti: nyiii-kwi, nyiii-kwi, raba kavu ikisugua chuma kila gari lilipoyumba. Mtoto wangu, aliyekuwa nyuma na begi lake la shule, akasema, "Mathe, gari inalia." Badala ya kulaani fundi na serikali kama watu wote, nilirudi nyuma, nikapita kwenye shimo lile lile kwa makusudi, kisha nikarudi tena, nikapita mara ya tatu. Nilitaka kuhakikisha kwamba na mimi nimesikia.

Mtoto alinitazama kwenye kioo. Niliujua mtazamo ule. Ndivyo nilivyokuwa nikimtazama baba yangu nikiwa na miaka tisa, nikimpenda sana na nisimwelewe hata kidogo. Acha nikueleze, maana nikikuachia hapo utadhani Lucky Summer kuna mwendawazimu anayeshangilia mashimo.

Tulikaa Makongeni, katika nyumba za reli, chumba kimoja na jiko, mlango wetu ukitazamana na mlango wa jirani. Tulikuwa wanne: baba, mama, kaka yangu Wekesa aliyekuwa na miaka kumi na minne, na mimi Nafula. Kwetu ni Bungoma, lakini Wekesa na mimi Bungoma tuliijua ya Desemba tu, ya kuku na binamu na nguo mpya. Sauti zetu zilikuwa za Makongeni: ndoo zikipangwa foleni bombani, redio za majirani zikishindana, na kule ng'ambo ya ukuta mabehewa yakigongana mchana kutwa.

Kazi ya baba ilikuwa kugonga magurudumu ya treni na kusikiliza. Usicheke, ilikuwa kazi kamili yenye sare. Alikuwa na nyundo yenye mpini mrefu, na kabla treni haijaondoka alitembea kando yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima lilitoa mlio mrefu uliokaa hewani. Gurudumu lenye ufa lilitoa sauti fupi, iliyokufa papo hapo. Akilisikia hilo, alitoa chaki mfukoni na kulichora msalaba, na behewa lile halikwenda popote mpaka lipelekwe karakana. Abiria waliokuwa wakinunua mayai na njugu pale stesheni hawakumjua hata kwa sura, lakini kila mmoja wao alipanda baada ya masikio ya baba kusema ndiyo.

Nyumbani masikio hayo hayakupumzika. Akienda dukani kununua sufuria, aligonga sita na kurudi na ya saba. Alijua nani anakuja kwa hatua zake tu, na alijua Wekesa anadanganya kwa jinsi alivyomeza mate. Mama alipenda kumtania mbele ya wageni, akisema Baba Wekesa husikia hata sukari ikiyeyuka kwenye chai. Baba alitabasamu kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama mtu anayeona haya kusifiwa lakini hataki uache.

Kisha akanunua gari. Lilikuwa kuukuu, la rangi ya kahawia, la mkubwa mmoja wa kazini aliyestaafu akarudi kwao, na lilipoegeshwa karibu na bomba la maji mtaa mzima ulikuja kuligusa. Kasoro yake ilikuwa moja. Raba za milango, zile zinazozunguka fremu ili maji na vumbi visiingie, zilikuwa zimekauka, na gari likitembea zilipiga kelele: nyiii-kwi, nyiii-kwi, kutoka nyumbani hadi kanisani. Watoto wa Makongeni hawakutuacha. Jumapili tukienda na kurudi, walipanga mstari kando ya barabara na kulia nyiii-kwi kwa pamoja. Mmoja wao alimuuliza Wekesa kila siku, "Niaje, panya zenu zimekula?" Wekesa aliacha kutokea mlango wa mbele.

Ndiyo maana Wekesa ndiye aliyeanza kutafuta dawa. Alichukua kopo la mama la mafuta ya kukamulia, yale yaliyotengenezewa chuchu za ng'ombe lakini nusu ya Nairobi hujipaka usoni kila asubuhi, akazipaka raba zote nne mpaka zikang'aa. Siku mbili gari lilinyamaza. Siku ya tatu vumbi la Jogoo Road lilikuwa limeganda juu ya mafuta, na raba zikaanza kuvimba na kunata. Jumapili tukafika kanisani, mlango wa mama ukakataa kufunguka. Baba alivuta kutoka nje, Wekesa akasukuma kutoka ndani, na mwishowe mama, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alitokea mlango wa dereva akiruka gia, kofia ikiwa mkononi, kwaya nzima ikimtazama. Kelele nazo zilirudi, mara hii zikiwa na sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda.

Baba akasema sasa tumwachie mwenyewe. Alizisafisha raba, akasaga chaki yake ya kazini, akazipaka unga wake. Kelele zilipungua, ila kila aliyeshuka alikuwa na mstari mweupe kwenye nguo, na mama hakuwa mtu wa kwenda madhabahuni na mstari mweupe kwenye sketi nyeusi. Hatimaye dada wa duka la dawa, ambaye alikuwa na gari la marehemu mumewe, alimwambia mama jambo la maana: osha raba kwa maji ya sabuni, zianike kivulini mpaka zikauke kabisa, kisha chukua kitambaa laini upake gliserini kidogo sana, ile ile ya ngozi. Tulifanya hivyo Jumamosi moja, familia nzima, mama akiosha, Wekesa akikausha, mimi nikibeba maji, baba akipaka kwa kidole kimoja kwa utaratibu wa mtu anayepaka mtoto mchanga.

Gari likanyamaza. Nataka unielewe hapa, maana yote yanayofuata yanategemea jambo hili: gari lilinyamaza kabisa. Jumapili iliyofuata watoto walikuwa wamejipanga barabarani kama kawaida, vinywa tayari, na tukapita mbele yao bila mlio. Walibaki wameduwaa. Wekesa aliteremsha kioo akawapungia mkono kama rais.

Tulikuwa hatujafika mtaa wa Mbotela baba alipouliza, "Mnasikia?"

"Kusikia nini?" mama akauliza.

"Raba. Bado inalia. Nyuma huku."

Tulisikiliza sote. Nilisikia injini, nikasikia bangili za mama, nikasikia mtu akiuza magazeti nje. Mama akasema yeye hasikii kitu. Wekesa akasema, "Baba, hakuna. Iliisha jana." Baba akanitafuta kwenye kioo. Sijasahau macho yale. Yalikuwa macho ya mtoto aliyeachwa nje ya mchezo, na sikuwahi kufikiri baba yangu anaweza kuwa nayo.

"Nafula, wewe je?"

"Nasikia, baba," nikasema.

Mpaka leo siwezi kukueleza vizuri kwa nini nilisema vile. Sikuwa mtoto mwongo kuliko wengine. Nilimwonea huruma tu, na nilidhani ni uongo mdogo utakaoishia kanisani. Baba alipiga usukani kwa kiganja kwa furaha, akasema, "Mnaona? Huyu ndiye amechukua masikio yangu." Siku ile nilirudi nyumbani nimekaa mbele, kiti cha mama, na mama nyuma na Wekesa.

Kuanzia hapo Jumamosi zangu zilikuwa za gari. Baba alilikandamiza boneti na kuliachia, gari likapanda na kushuka, na mimi nikiwa ndani nimebandika sikio kwenye raba. "Hapa?" aliuliza. Nilifikiri kidogo, kama nilivyomwona yeye akifikiri, kisha nikasema, "Hapana baba, mbele kidogo." Akasogea. "Hapo?" "Hapo hapo." Basi anaitoa raba ile, anaipindua, anaisugua, anairudisha, na Jumapili anausikia mlio tena, na mimi nausikia naye. Majirani walipita na ndoo wakaambiwa kwamba binti huyu mkimwona hivi, ana sikio la reli. Nilipewa mandazi ya kwanza kutoka kwenye karai. Sikujua jinsi ya kutoka mle nilimoingia, na nikiri, sikuwa na haraka ya kutoka.

Ila nilianza kuchanganyikiwa. Kwanza, baada ya wiki nyingi za kubandika sikio, sikuwa na hakika tena kama nadanganya. Nilikuwa darasani mwalimu akiandika ubaoni, nikasikia nyiii. Nilikuwa bombani nikasikia kwi. Niligeuka kutazama, hakuna kitu. Nikajiuliza, labda mlio upo kweli na ni mama na Wekesa wasio na masikio. Labda niliusikia tangu siku ile ya kwanza, nikadhani ni uongo.

Pili, baba mwenyewe hakueleweka. Mtu huyu aliyesikia raba ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, hakusikia birika likichemka hatua mbili kutoka kiti chake, mpaka maji yakakauka. Wekesa alimwita kutoka bombani mara tatu, akaendelea kukunja gazeti. Aliongeza sauti ya redio mpaka jirani akagonga ukuta, na baba akasema redio za siku hizi zimeharibika, zinanong'ona. Nilijaribu kuyaweka mambo haya mawili pamoja kichwani mwangu yakakataa kukaa. Masikio makali namna ile yangewezaje kuwa mazito hivi? Nilihitimisha kwamba baba alikuwa amekasirika na sisi, na kwamba alichagua tu vya kusikia.

Siku moja mama aliniita jikoni, akafunga mlango, akanishika mabega.

"Nafula, niangalie. Huo mlio, unausikia kweli?"

"Nasikia, mama."

"Kweli ya Mungu?"

Nilitazama miguu yangu. Nikasema kweli. Mama hakunigombeza. Aliniachia, akasimama akitazama sufuria isiyo na kitu, kisha akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba hakuwa akiniambia mimi, "Basi sijui nitafanya nini." Hilo nalo sikulielewa. Nilidhani anazungumzia gari. Nilikuwa nimeona pia kwamba siku hizo mama alikuwa ameacha kuzungumza na baba akiwa jikoni, kama alivyozoea. Alikuja mpaka mbele yake, akangoja amtazame, ndipo akasema. Nilifikiri ni heshima mpya, labda ya mafundisho ya akina mama kanisani.

Mvua za masika zilipofika, milango mitatu ya gari haikuwa na raba hata kidogo. Baba alikuwa amezitoa zote zilizoshukiwa, yaani zote nilizozishtaki mimi, na zilikuwa zimetundikwa nyuma ya mlango wa nyumba kama nyoka watatu weusi. Jumapili ile maji yaliingia garini kutoka pande zote. Mama alikaa amefungua mwavuli ndani ya gari linalotembea, sare ya kwaya imeloa mpaka magotini. Tulipofika kanisani alishuka, akafunga mwavuli, akasema akiwa mbele ya uso wa baba, "Baba Wekesa, mimi kuanzia leo nitatembea." Akatembea kweli, Wekesa akaenda naye. Kila Jumapili wao walipita kwa miguu na sisi wawili tukawapita kwa gari, baba akisikiliza na mimi nikijifanya nasikiliza. Kiti cha mbele hakikuwa tena na utamu wowote. Niliona wazi kwamba familia yetu ilikuwa imegawanyika pande mbili kwa ajili ya neno langu moja, na sikujua neno gani lingeiunganisha.

Likizo ya Agosti, asubuhi moja, baba alinivisha sweta la shule akanichukua kazini. Mlinzi wa lango alimfahamu, akafungua bila swali. Baba alikuwa na furaha. "Leo," aliniambia, "hayo masikio yatafanya kazi ya kweli." Treni iliyokuwa imesimama pale ilikuwa ya magharibi, ya kuondoka jioni, ile ile tuliyopanda kila Desemba. Niliyatambua madirisha yake. Kulikuwa na harufu ya grisi na makaa ya kale, na kokoto kubwa zilizoniumiza nyayo kupitia raba za viatu.

Baba akaanza. Aligonga gurudumu la kwanza, likalia, ngiii, mlio ukapanda mpaka nikauhisi kwenye meno. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. La pili, ngiii. La tatu. Alitembea kwa mwendo mmoja usiobadilika, nyundo ikienda na kurudi, nami nyuma yake nikijivunia mgongo wake mpana. Sijui tulikuwa behewa la ngapi. Aligonga, na gurudumu likasema, du.

Nilingoja chaki. Baba akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye lingine.

Nilisimama pale pale. Niliambiwa nina masikio ya baba, na baba amesema hili ni zima. Basi nilichosikia ni nini? Miezi yote ile nilikuwa nimesikia kitu kisichokuwepo, labda hiki nacho hakipo. Na kama nikisema hiki kipo na yeye hajakisikia, basi mmoja wetu ni mwongo, na nilijua vizuri mwongo ni nani. Hapo kichwa changu kilijaa kabisa. Lililonitoa ni kumbukumbu ya Desemba: mimi nimelala kwenye benchi ndani ya treni ile, kichwa kwenye paja la mama, na magurudumu chini yetu yakiimba mpaka kunakucha.

"Baba," nikasema. Hakugeuka. "Baba!" Hakugeuka. Alikuwa hatua tano mbele yangu. Nilikimbia kwenye kokoto nikamvuta koti.

"Lile limelia vibaya," nikasema, nikionyesha.

Alirudi bila kubisha. Akagonga: du. Akalitazama gurudumu, akanitazama mimi. Akagonga la pembeni: ngiii. Akarudi: du. Kisha baba yangu, mtu aliyesikia sukari ikiyeyuka, akaniuliza, "Yanalia tofauti?"

Hakuwa akinijaribu, alikuwa akiniuliza kweli. Niliitikia kwa kichwa. Alitoa kitambaa, akapiga magoti, akafuta grisi kwenye gurudumu pole pole akizungusha kidole gumba, na mahali fulani kidole kikasimama. Nikainama nikaona. Ulikuwa ufa mwembamba kama uzi.

Baba hakuinuka. Akiwa bado amepiga magoti, macho yake yakiwa sawa na yangu, akasema, "Nafula. Na raba ya gari. Unaisikia?"

"Hapana, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu tupake gliserini."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa ananipa chaki. "Chora," akasema. Nikachora msalaba uliopinda, na yeye akaushika mkono wangu kwenye mstari wa pili. Kisha tukaenda ofisi ya msimamizi wake. Niliachwa kwenye benchi nje, lakini baba siku hizo alizungumza kwa sauti kubwa bila kujua, na nilisikia kila neno. Alisema mtu mwingine aigonge treni yote upya tangu behewa la kwanza. Alisema na zilizorudi wiki hii pia zigongwe. Msimamizi aliuliza kwa nini, na baba akasema, "Kwa sababu sisikii." Alitoka nje bila nyundo. Njia nzima ya kurudi nyumbani mkono wake wa kulia ulikuwa ukifungika na kufunguka, na mimi nilidhani amenikasirikia mpaka basi.

Baada ya hapo alipelekwa stoo, kugawa ovaroli na mifagio. Jumamosi iliyofuata alizichukua zile raba tatu nyuma ya mlango akaanza kuzirudisha. Nilikaa kwenye ngazi, nikiogopa kumkaribia. Alihangaika peke yake muda mrefu, kisha akaniita, "Nafula, njoo ushike hapa." Nikaenda kushika raba. Hakuniambia nisikilize. Mama alitoka na beseni la maji ya sabuni, akakunja mikono ya blauzi bila kuulizwa, na Jumapili tukaenda kanisani wote wanne. Hakuna aliyezungumza habari ya mlio, wala sikuombwa kueleza. Kwa mtoto aliyengoja adhabu, ukimya ule ulikuwa fumbo kubwa kuliko yote.

Nilikuwa mtu mzima daktari aliponieleza, wakati nampeleka baba kupimwa, kwamba sikio lililochoshwa na miaka ya chuma na karakana huanza kujitengenezea kelele lenyewe, nyembamba, isiyokoma. Baba hakuwa akibuni. Mlio ulikuwapo, ila haukuwa kwenye gari. Na hapo, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki kliniki, mambo mawili yaliyokataa kukaa pamoja kichwani mwangu yakakaa. Nilielewa mama alikuwa akiniuliza nini jikoni. Yeye alikuwa amekwisha kujua, na kwa kuwa mumewe asingemwamini, alihitaji mtu mmoja tu wa kumwunga mkono, na mtu huyo alikuwa upande wa pili akila mandazi. Nilielewa pia kwamba baba hakuwahi kuniuliza habari za raba. Kila Jumamosi alikuwa akiuliza kama bado anafaa kushika nyundo. Mimi nikamjibu ndiyo, miezi na miezi, kwa upendo. Hakuna treni iliyopata ajali, na namshukuru Mungu. Lakini ni magurudumu mangapi aliyaitikia kwa kichwa kwa sababu yangu sijui, na kuna siku nikiyahesabu nashindwa kumaliza chai. Naona aibu, sitaficha.

Ndiyo maana niliposikia mlango wangu ukilia nilipita shimoni mara tatu. Nilifikiri zamu yangu ya masikio ya baba imefika. Mtoto alisikia, na mimi nikasikia, na ndiyo furaha niliyokuambia mwanzoni.

Sikuurekebisha mlango ule. Wiki jana baba alikuja kutoka Bungoma, alikostaafia, kutibiwa macho, maana masikio tulishayakubali hivyo yalivyo. Alikataa kukaa mbele, akasema atakaa nyuma na mjukuu wake. Tulipoiacha lami, mlango ukaanza. Nilimwona kwenye kioo akiweka kiganja kwenye raba, akatulia, akakisogeza kidogo, akatulia tena.

"Raba yako imekauka," alisema kwa ile sauti yake kubwa. "Inalia hapa."

Kisha akanitafuta kwenye kioo. "Umesikia?"

Nilisimamisha gari katikati ya barabara. Matatu nyuma yangu ilipiga honi, ikapiga tena. Niligeuka mzima mzima ili aone mdomo wangu vizuri.

"Nimesikia, baba. Kweli."

Hakuniamini mara moja, na sikumlaumu. Alimgeukia mtoto, na mtoto akaitikia kwa kichwa. Alinitazama tena, muda mrefu, kama alivyonitazama kwenye kokoto akiwa amepiga magoti.

"Basi," akasema, "kesho tununue gliserini."